Sura ya Sita: Vyuma vya Jumamosi

Kilichomkera Inspekta katika faili lile ni usafi wake. Miaka ishirini na mbili ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayekiri hujipindapinda: anakubali nusu, anakana nusu, analia, anamsingizia shetani. Fundi Kutu hakulia wala hakumtaja shetani. Alifika kituoni Jumatatu asubuhi kwa miguu yake mwenyewe, amebeba begani bampa la chuma lililofungwa kwenye gunia. Akalitua juu ya kaunta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemgonga yule mama mshonaji. Andikeni."

Wakaandika. Kurasa mbili, hakuna hata neno moja lililokatwa. Jumamosi saa kumi jioni alitoka nyumbani na pikapu yake kwenda kumwona mteja. Akirudi, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, jua lilimpiga machoni akamgonga kwa nyuma mwanamke aliyekuwa akitembea kandokando ya barabara ya kiwanda cha matofali. Hakusimama. Alipofika nyumbani alifungua bampa akalipiga mchanga kwa bastola yake ya kazi, ile inayorusha mchanga kwa nguvu ya upepo kusafisha vyuma, mpaka likawa halina rangi, halina damu, halina hata uzi wa nguo.

Mwanamke huyo, mshonaji wa sare za shule mwenye umri wa miaka thelathini na minane, aliokotwa na wapita njia saa mbili usiku. Alifia mlangoni mwa hospitali. Daktari aliandika kwamba alivuja damu kwa karibu saa mbili, na kwamba angewahishwa angepona. Inspekta alikuwa ameisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko alivyohitaji.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Mkuu wa kituo alitaka faili liende kwa mwendesha mashtaka kabla ya jioni.

"Mtu amekiri," alisema Mkuu. "Ushahidi kaubeba mwenyewe begani. Unataka nini tena, mama? Akuletee na chai?"

"Nataka nione alipofanyia kazi, afande."

"Saa kumi, faili mezani kwangu."

Kabla ya kuondoka, Inspekta alipitia stoo ya vielelezo. Bampa lilikuwa limeegemezwa ukutani, na kutu mpya ya rangi ya machungwa ilikuwa imeanza kulitambaa toka pembe moja hadi nyingine. Alipitisha kidole, kikatoka na unga. Akakifuta kwa kitambaa, akaenda zake.

*

Nyumba ya Fundi Kutu ilikuwa ya vyumba vitatu, yenye ua mwembamba nyuma na banda la mabati. Mkewe alikwisha kufariki. Aliishi na binti yake wa miaka ishirini na minne, muuzaji katika duka la dawa, na ni wao wawili tu waliokuwa na ufunguo wa pikapu. Binti ndiye aliyefungua mlango. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini alimkaribisha Inspekta kwa adabu, akamletea maji, akampitisha uani bila kuombwa mara mbili.

Banda lilikuwa nadhifu kuliko jikoni kwa watu wengi. Kompresa nyekundu ya umeme, ya magurudumu mawili, ilisimama pembeni na mpira wake wa upepo umekunjwa vizuri. Chini palitandikwa turubai, na juu ya turubai kulikuwa na mchanga mwembamba uliofagiliwa ukawekwa fungu moja. Chekecheke ilining'inia msumarini. Kwenye rafu ya mbao zilipangwa rimu nne na drami mbili za breki, zote zimepakwa rangi ya kijivu.

"Mchanga huu mnautumia tena?" Inspekta aliuliza.

"Ndiyo. Ukishapigwa unakusanywa, unachekechwa, unaanikwa ukauke. Ukiwa na unyevu hata kidogo unaziba pua ya bastola."

"Na hii rangi ya kijivu?"

"Praima, ya kuzuia kutu. Baba halazi chuma uchi." Binti alilisema hilo kama mtu aliyelisikia tangu akiwa mtoto. "Chuma kikishapigwa mchanga kinakuwa kama kimechunwa ngozi. Umande wa usiku mmoja tu, kutu imerudi. Kwa hiyo hupaka praima palepale, kabla hajanawa mikono."

Inspekta alizitazama rimu moja baada ya nyingine. Rangi ilikuwa imekaa sawasawa, hata kwenye matundu ya nati. Hii ilikuwa kazi ya mtu aliyetulia moyo.

"Bampa hakulipaka," alisema.

"Labda hakupata nafasi."

"Jumapili nzima alikuwa nyumbani."

"Sijui, afande. Labda hakutaka kuligusa."

Hilo Inspekta aliliamini. Alichomoa daftari lake dogo. "Rimu hizi na drami alizipiga lini?"

"Ijumaa."

Jibu lilikuja upesi, na ndilo lililoandikwa kwenye maelezo ya baba: *Ijumaa nilisafisha rimu nne na drami mbili, Jumamosi jioni bampa peke yake.* Neno kwa neno. Inspekta alishukuru kwa maji, akamwambia binti asitoke nyumbani, akazunguka hadi nyumba ya pili.

*

Jirani alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsubiri Inspekta barazani, koti limefungwa vifungo vyote, kama mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo kwa miaka.

"Hatimaye serikali imekuja," alisema. "Barua zangu mmezipata?"

"Barua gani, Mwalimu?"

"Za kelele! Nimeandika tatu. Mtu anapiga mchanga nyumbani, katikati ya makazi ya watu, na vumbi lote linahamia kwangu. Nguo nikianika zinakuwa nzito. Nimemwambia, fundi, vaa hata barakoa ya maana, utakufa. Yeye anajifunga kitambaa mdomoni, basi. Mtu mzuri, sisemi. Pampu yangu alinitengenezea bure. Lakini kelele, binti yangu! Mimi nikishakula mchana ni lazima nilale."

"Zinakuwa siku gani?"

Mwalimu aliingia ndani akarudi na daftari la mazoezi lenye jalada la bluu. Juu ya jalada, kwa mwandiko wa kufundishia, alikuwa ameandika: *Makelele.*

Inspekta alilisogelea daftari. Katika kazi yake alikuwa ameomba mashahidi wa kila aina, ila hakuwahi kuthubutu kuomba wa namna hii. Akaketi.

"Ijumaa iliyopita," alisema.

Mwalimu alilamba kidole, akafungua. "Ijumaa hakuna. Umeme ulikatika asubuhi ukarudi usiku. Nililala kama mtoto."

"Una hakika ni Ijumaa?"

"Nimeandika, *Siku njema.* Tazama."

Inspekta alitazama. Ilikuwa imeandikwa hivyo hivyo, na kupigiwa mstari. "Na Jumamosi?"

"Jumamosi ndiyo siku ya balaa. Kuanzia saa saba na nusu mchana mpaka saa kumi na mbili kamili jioni. Kompresa yake ni ndogo, unajua. Mchanga unalia dakika nne, upepo unakwisha, anangoja dakika sita tangi lijae tena. Nimepima kwa saa ya mkononi. Hizo dakika sita ndizo usingizi wangu wote."

"Haikukoma kati ya saa kumi na saa kumi na mbili?"

"Ikome! Ingekoma ningeandika kwa wino mwekundu. Dakika nne, dakika sita, dakika nne, dakika sita. Kisha saa kumi na mbili ikanyamaza. Nikasema Mungu ni mwema. Saa kumi na mbili na nusu ikaanza upya, na safari hii mbaya zaidi, haingojei tangi lijae. Mlio wenyewe ulikuwa unakatikakatika. Mpaka saa moja na nusu."

"Gari ulilisikia likiingia?"

"Gari halininyimi usingizi. Sikuandika."

"Na aliyekuwa anapiga mchanga, ulimwona?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta polepole. Swali hilo halikumpendeza. "Niliona vumbi," alisema. "Lakini nani mwingine? Ni Fundi."

Inspekta aliomba daftari. Mwalimu alitaka stakabadhi, akaandikiwa, akaisoma mara mbili na kusahihisha herufi moja kabla ya kulikabidhi.

Akiwa njiani kurudi kwa binti, Inspekta aliipanga hesabu yake. Rimu nne na drami mbili, kwa dakika nne za kazi na sita za kungoja: hiyo ndiyo kazi iliyochukua saa nne na nusu nzima za Jumamosi. Mshonaji aligongwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, na dakika hiyohiyo mchanga ulikuwa unalia mle bandani. Mtu hawezi kushika bastola nyumbani na usukani barabarani kwa wakati mmoja. Kama Fundi ndiye aliyekuwa bandani, basi tangu Jumatatu kituo kilikuwa kimemfungia mtu asiye mhusika.

*

"Ijumaa hapakuwa na umeme," alisema Inspekta.

Walikuwa wamesimama bandani tena. Binti alishika ukingo wa rafu.

"Nilisahau. Basi ilikuwa Jumamosi."

"Jumamosi kuanzia saa saba na nusu mpaka saa kumi na mbili jioni, bila kukoma. Baba yako anasema saa kumi alikuwa ametoka na gari. Nani alibaki akipiga mchanga?"

Binti akainua uso, na Inspekta akaona amepiga moyo konde.

"Mimi," alisema. "Baba alianza, akaniachia nimalizie. Amenifundisha zamani. Hakutaka kuwaambia kwa sababu hakutaka niingizwe katika mambo haya."

Lilikuwa jibu zuri. Lilimweka baba barabarani na binti nyumbani, daftari la Mwalimu likabaki la kweli na faili likabaki safi. Inspekta angeweza kulichukua na kuwahi saa kumi. Kwa sababu alimwonea binti yule huruma, na aliijua huruma yake, akajilazimisha kuuliza lililofuata.

"Nionyeshe."

"Nini?"

"Kile kipande cha bati chenye kutu pale chini. Kipige mchanga kidogo tu, nione."

Binti akaanza. Alifungua kikoki cha chini ya tangi kuondoa maji, akakifunga. Akawasha kompresa, ikanguruma, mshale wa geji ukapanda. Akachekecha mchanga, akaujaza kwenye kikombe cha juu ya bastola. Akajifunga kitambaa mdomoni, akavaa miwani ya kazi, akasimama shubiri moja kutoka kwenye bati, upande upande, kama inavyotakiwa ili mchanga usimrudie usoni. Inspekta alianza kufikiri kwamba amekosea.

Kisha binti akashika bastola, na kidole chake cha shahada kikaenda mahali pa triga, kifyatulio cha kubana.

Hapakuwa na triga. Kidole kilipapasa, kikarudi, kikapapasa tena. Binti aliigeuza bastola, akaitazama kama kitu alichokabidhiwa dakika hiyo. Triga ilikuwa imekatwa. Mahali pake kulichomelewa mpini wa kijiko cha chai, ukakunjwa hadi chini kabisa ya mshikio, mahali ambapo mtu mwenye vidole vyote asingetafuta kitu.

Inspekta aliinama akazima kompresa. Alikumbuka kaunta ya kituo, Jumatatu, na mkono wa kulia uliotia sahihi kwa shida kwenye kurasa mbili: mkono usio na kidole cha shahada wala cha kati.

"Mashine ilimkata lini?" aliuliza.

"Nikiwa darasa la pili." Binti alikuwa bado ameishika bastola. "Anabana kwa vidole viwili vya mwisho. Sijawahi kuishika, afande. Nilikuwa namtazama tu. Kuchekecha nilikuwa namsaidia, kutoa maji nilikuwa namsaidia. Bastola alikuwa hampi mtu."

"Kwa nini anakubebea mzigo huu?"

Binti aliingia ndani, akarudi na bahasha kubwa ya hospitali. Ndani kulikuwa na picha ya kifua. Inspekta hakuwa daktari, lakini aliona ukungu mweupe uliotawanyika pande zote mbili, na maneno yaliyofuata aliyajua kabla hayajasemwa.

"Ni vumbi," alisema binti. "Miaka ishirini ya mchanga, na kitambaa mdomoni. Mwezi uliopita daktari alimwambia ana mwaka mmoja, pengine na nusu. Jumapili usiku alikaa pale kitandani kwangu akasema, mimi nakwenda vyovyote vile, wewe una maisha. Nikakubali." Akaanza kulia bila sauti. "Nilikubali, afande. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Inspekta alimpa kitambaa chake, kilekile chenye unga wa kutu, na hakuona mpaka kilipokwisha kumwachia binti mstari wa machungwa shavuni.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu, na dirisha lililotazama ukuta. Fundi Kutu aliletwa akiwa peku. Alipomwona binti yake ameketi pale, alisimama mlangoni kwa muda, kisha akamgeukia Inspekta kwa hasira ya mtu aliyeharibiwa kazi.

"Mama, faili si lilikwisha?"

"Keti, mzee wangu."

Aliketi. Inspekta aliweka mezani daftari la bluu, akaweka bastola ya mchanga, mpini wa kijiko ukimwelekea mwenye nao. Fundi aliitazama. Hakuhitaji kuelezwa. Mkono wa kulia aliuteremsha taratibu chini ya meza.

"Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi ulikuwa bandani," alisema Inspekta. "Jirani aliandika. Na hakuna mwingine anayeweza kuitumia hii."

"Jirani ni mtu mzima. Anachanganya siku."

"Mwalimu yule hachanganyi."

Fundi alikohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kilichoanzia mbali, na wote wawili walingoja kiishe. Alipopata pumzi aliongea chinichini, kama anayepatana bei ya mwisho.

"Sikiliza, mama. Mimi nina mwaka. Ninyi mna bampa, mna maelezo, mna mtu. Huyu ana miaka ishirini na minne. Kuna ugumu gani hapo? Nifungeni mimi, nife humo ndani, kila mtu apate chake."

"Nakuonea huruma," alisema Inspekta, "na sitakuficha hilo. Nina mabinti wawili nyumbani. Lakini mume wa mshonaji naye ana haki ya kujua ni nani."

"Atajua kwamba ni mimi. Inatosha."

"Baba," binti alisema. "Acha."

"Wewe nyamaza."

"Sitanyamaza." Alikuwa ameacha kulia. Alimtazama Inspekta, na aliongea haraka, asije akarudi nyuma. "Nilikuwa natoka kazini. Jua lilikuwa machoni, hilo ni kweli. Sikumwona, nilisikia kishindo tu. Nilisimama, afande. Baba amesema hakusimama, lakini mimi nilisimama nikashuka. Alikuwa amelala kando ya mtaro, nguo za mfuko wake zimetawanyika. Nilimshika shingoni. Alikuwa anapumua. Alinishika gauni hapa, akasema, maji."

"Ukafanya nini?"

"Simu ilikuwa imezima. Barabara haina mtu. Sikujua la kufanya. Tangu nikiwa mdogo, kitu kikiharibika nampelekea baba. Nikampelekea. Ni dakika sita mpaka nyumbani."

"Nyamaza, mwanangu," Fundi alisema tena, ila sasa alikuwa anaomba.

"Nilimkuta amevaa miwani na kitambaa, mchanga unalia. Namwita, hanisikii. Nikasimama nyuma yake mpaka upepo ulipokwisha. Alipogeuka nikamwambia."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Dakika sita za njia. Dakika tatu au nne za kusimama nyuma ya mtu asiyesikia. Saa kumi na mbili kamili mchanga ulinyamaza, kama daftari lilivyosema, na mshonaji alikuwa bado na karibu saa mbili za kuishi. Pikapu ilikuwa imesimama uani, na funguo zilikuwa ndani yake. Nusu saa nzima ilipita kabla mchanga haujaanza kulia tena.

Aligundua kwamba hakutaka kuuliza swali lililobaki. Alikuwa ameingia chumba kile akimdhania mzee huyu amebeba mzigo wa mwingine, na kwa hilo alikuwa amempenda kidogo. Hata hivyo aligeuza ukurasa mpya, akaandika tarehe na saa.

"Fundi," alisema. "Alikuambia kwamba yule mama yu hai?"

Mzee alitazama dirishani, kwenye ukuta. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa mlio mwembamba. Binti alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza.

"Aliniambia," Fundi alisema. "Alisema twende, tukamchukue."

"Ukamjibu nini?"

Fundi alitoa mkono wake chini ya meza, akauweka juu ya kichwa cha binti yake, vidole vitatu katika nywele.

"Nilimwambia anishikie bampa upande wa pili, nifungue nati."